Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maji wa Kaunti: Kuchimba Mnajua, Kutunza Je?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji na Usafi wa Mazingira,
Makao Makuu ya Kaunti.

Mheshimiwa,

KUH: MIRADI YA MAJI NA VYOO VIJIJINI INAYOKUFA BAADA YA UTEPE KUKATWA

Tunakusalimu kwa heshima. Sisi ni mafundi wa pampu, waweka hazina wa kamati za maji na wahudumu wa afya ya jamii kutoka wadi za mashambani. Barua tulizokuandikia kabla ya hii zilipokelewa, zikapigwa muhuri, na huko zikalala. Ndiyo sababu hii ya leo tunaisoma hadharani.

Hatuji kuomba visima vipya. Tunalisema mapema kwa sababu kilio cha maji kikifika ofisini kwako hujibiwa kwa tenda ya kuchimba. Kuna vijiji vyenye visima vitatu ndani ya kilomita moja, kimoja cha kaunti, kimoja cha mfuko wa maendeleo ya eneo bunge (CDF), kimoja cha mfadhili, na akina mama bado wanateka mtoni. Bajeti ya kuchimba ipo kila mwaka. Bajeti ya kutunza kilichochimbwa hatujaiona, na malalamiko yetu yote yanatoka hapo.

1. Pampu za mkono husimama kwa kukosa vitu vidogo

Pampu nyingi huku kwetu ni Afridev. Ilibuniwa miaka ya 1980 kwa nia kwamba mwanakijiji aweze kuifungua mwenyewe kwa spana moja. Inafaa kwa maji yaliyo mita 10 hadi 45 chini, na imekusudiwa watu 300 hivi. Ikibebeshwa watu 900, huchakaa upesi mara tatu, lakini ratiba ya matengenezo, pale ilipo, haibadiliki.

Mkono wake hukaa juu ya bushi za plastiki, yaani vipete vinavyoubeba. Bushi hizo hubadilishwa kila mwaka, hata kama mkono haujaanza kuyumba. Zikiachwa, mkono hucheza kushoto na kulia, fito zinazounganisha mkono na pistoni zinasugua bomba kwa ndani, na siku moja bomba linatoboka au fito inakatika na kudumbukia. Kazi ya nusu saa inakuwa kazi ya siku mbili, ya kung'oa mabomba yote na kuvua fito kwa ndoano. Mpira wa pistoni nao hubadilishwa kila mwaka, pamoja na oringi (pete nyembamba za kuziba) za valvu ya chini. Mpira huo haufikii shilingi elfu moja. Tatizo ni pa kuununua: kutoka wadi nyingi ni safari ya Kisumu, nauli inapita bei ya mpira, na kilichopo dukani wakati mwingine ni bidhaa duni ambayo haimalizi miezi mitatu.

Afisa wako wa wadi hahitaji fundi ili kujua hali ya pampu. Apige mikono 40 kwa dakika moja, maji yakiingia kwenye ndoo yenye alama za lita. Silinda ya Afridev ina kipenyo cha milimita 50, kwa hiyo pampu nzima hutoa lita 15 na zaidi. Ikishuka chini ya 10, mpira umeisha. Kisha aiache ipumzike dakika 30 na kuhesabu mikono kabla maji hayajatoka. Ikipita mitano, valvu ya chini au oringi inavuja. Ni kama dakika 35 kwa kila kisima, mara moja kwa robo mwaka. Kazi hii haimo katika orodha ya majukumu ya mtu yeyote ofisini kwako.

2. Mabomba ya chuma yanawekwa kwenye maji yenye asidi

Sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ina mwamba wa matale, na maji yake ya chini ya ardhi mara nyingi yana asidi kidogo. Kipimo cha pH kikiwa chini ya 6.5, bomba la chuma lililopakwa zinki haliwezi kudumu. Zinki inaliwa kwanza, kisha chuma. Maji yanatoka mekundu asubuhi, yana ladha ya kutu, yanachafua nguo na kubadilisha rangi ya ugali. Watu wanayakimbia na kurudi kwenye kijito, ingawa maji yale mekundu mara nyingi hayana vijidudu vya magonjwa na yale meupe ya kijito yanavyo tele. Baadaye kijiji ndicho kinacholaumiwa: "jamii ilikitelekeza kisima."

Dawa yake inajulikana: bomba la plastiki gumu au chuma kisichoshika kutu, na fito zisizoshika kutu. Kupima pH huchukua dakika chache. Lakini orodha ya vifaa katika zabuni huandikwa kabla kisima hakijachimbwa, kwa hiyo mkandarasi huleta kilichoandikwa, na mkaguzi hukagua kama kilicholetwa ndicho kilichoandikwa. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na kisima kimekufa.

3. Visima vya sola vinakabidhiwa bila karatasi

Kisima kirefu hupimwa kwa kuvutwa saa 24 mfululizo, kisha maji yanaachwa yarudi huku kina kikiandikwa. Ripoti hupelekwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kamati ya kijiji haipewi nakala. Hili ni kosa dogo lenye gharama kubwa kuliko yote yaliyomo katika barua hii.

Kisima kilichotoa mita 6 za ujazo kwa saa wakati wa kupimwa hakiwekewi pampu ya mita 6. Pampu inafaa ivute asilimia 60 au 70 ya kipimo hicho, yaani mita 4 hivi, kwa kuwa kiangazi huja. Pia haifai kuning'inizwa mbele ya bomba lenye matundu ya kuingizia maji: hapo huvuta mchanga, na mota haipozwi vizuri. Sasa pampu ikiungua mwaka wa nne, fundi anayeitwa hajui maji yalikuwa wapi, matundu yako wapi, wala pampu ya kwanza ilikuwa ya nguvu gani. Anakisia. Wa pili naye anakisia. Tumeona pampu mpya zikiungua kabla mwaka haujaisha kwa sababu hiyo tu.

Mengine ni ya kawaida: sensa ya kuzima pampu maji yakipungua haikuunganishwa, au iliunganishwa ikakatwa kwa sababu "inasumbua". Na radi. Ukanda wa kutoka Kisii hadi Kakamega hupigwa radi sana, lakini mitambo ya sola inakabidhiwa bila fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini wala kizuia radi kwenye nyaya. Mvua ya Aprili ya kwanza inamaliza kidhibiti cha umeme wa pampu.

4. Pesa za maji hazihesabiwi, na maji yenyewe hayahesabiwi

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo miradi mingi ya mabomba hufia.

Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5, mita moja ya ujazo ni shilingi 250. Kioski kinachouza mitungi 200 kwa siku kinaingiza shilingi 1,000, yaani 30,000 kwa mwezi. Kamati inamlipa mhudumu, inamlipa mlinzi, inabadilisha mfereji ulioharibika, na kilichobaki inakiita faida. Si faida. Tuseme pampu na kidhibiti chake vitagharimu shilingi 480,000 kuvibadilisha, na vinadumu miaka 8. Hizo ni shilingi 60,000 kwa mwaka, au 5,000 kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza, pampu ikiwa bado mpya na inang'aa. Ni kamati chache mno zinazoweka kiasi hicho. Si lazima ziwe na wezi. Hakuna aliyewahi kuketi nazo akapiga hesabu hiyo, na akiba ikionekana benki huazimwa matanga yakitokea, nayo hairudi.

Upande wa pili ni maji yanayopotea. Mradi unahitaji mita kuu ya kupimia maji kwenye bomba linalotoka tangini, na mita kwenye kila kioski. Mita kuu ikisoma mita za ujazo 600 kwa mwezi na vioski kwa jumla vikasoma 390, asilimia 35 haijulikani ilikokwenda. Kama chanzo ni kuvuja, kipimo chake ni cha usiku. Vioski vifungwe saa tatu, mita kuu isomwe saa nne, isomwe tena saa kumi na moja alfajiri. Maji yaliyopita katika saa hizo 7 hayakunywewa na mtu. Yakiwa lita 1,400 tu, ni lita 200 kwa saa, lita 144,000 kwa mwezi, mitungi 7,200, shilingi 36,000. Hata ukipunguza kidogo, kwa kuwa usiku msukumo huwa mkubwa na mvujo pia, bado ni zaidi ya mshahara wa fundi. Wakandarasi wako wanakabidhi miradi isiyo na mita kuu. Aliyeiondoa kwenye mchoro ili kupunguza gharama aliokoa pesa za siku moja.

Na kwa nini mabomba yavuje mapema hivyo? Kwenye udongo mweusi kama wa Kano, ardhi hupasuka kiangazi na kuvimba masika, ikivuta maungio ya PVC hadi yaachane. Bomba hapo linahitaji kina cha sentimita 60 au zaidi na kitanda cha mchanga cha sentimita 10, au litumike bomba laini la HDPE. Kwenye miteremko, tofauti ya mita 80 kati ya tangi na kioski ni msukumo wa baa 8, na bomba la PN6, yaani la baa 6, haliwezi kuuhimili. Panatakiwa PN10, la baa 10, au tangi dogo la kuvunja msukumo katikati. Mitaro tuliyofukua inaonyesha PN6 mahali ambapo hati za malipo zinasema PN10.

5. Kamati hazina mkataba, na ardhi haina maandishi

Sheria ya Maji ya 2016, kifungu cha 94, inaitaka serikali ya kaunti iweke utaratibu wa maji katika maeneo ya mashambani yasiyo na faida ya kibiashara, na inaruhusu vyanzo hivyo visimamiwe na jumuiya, mashirika au watu binafsi kwa mkataba na kaunti. Neno la kushika hapo ni mkataba. Kamati zetu zinakabidhiwa ufunguo, soda na hotuba. Haijaandikwa nani hulipia nini: mpira wa pistoni ni wa nani, pampu ya nusu milioni ni ya nani.

Vyeti vya usajili pia vimepitwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ilikuja 2022, na vikundi vingi bado vina vyeti vya zamani.

Kuhusu ardhi: mzee anatoa kona ya shamba kwa mdomo, mzee anafariki, wanawe wanaweka ua na kufuli. Makubaliano ya maandishi, idhini ya bodi ya ardhi pale inapohitajika, na njia ya kupitia ionekane kwenye ramani. Vifanyike kabla ya mtambo wa kuchimba kufika.

6. Chemchemi na ubora wa maji

Kwa wenzetu wengi wa Vihiga, Kakamega na Busia, maji ya rahisi kuliko yote ni chemchemi iliyojengewa. Utafiti uliofanyika Busia na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kujengea chemchemi kulipunguza uchafu wa kinyesi kwenye chanzo kwa karibu theluthi mbili, na kuhara kwa watoto kwa karibu robo. Hakuna pampu ya kuungua wala bili ya umeme.

Lakini hujengwa vibaya. Bomba la kutolea likiwekwa juu ya usawa wa jicho la asili, pale maji yanapochipukia, ili mtungi uingie chini yake, maji husukumwa nyuma, nayo hutafuta njia nyingine. Mwaka mmoja baadaye yanatokea mita 15 pembeni na ukuta mzuri umebaki mkavu. Sahihi ni kuchimba chini mahali pa kusimamia mtekaji, si kuinua bomba. Mtaro wa kukinga maji ya mvua upite juu ya chemchemi, pawe na uzio, na mikaratusi iondolewe karibu.

Upimaji wa vijidudu baada ya uzinduzi ni nadra. Tunaomba mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na katikati ya masika. Panapotiwa klorini, kipimo cha mabaki kiwe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, tena kisomwe nyumbani mtungini, kwa sababu maji safi ya chanzo huchafuka njiani. Na kama kaunti itavuta maji upande wa Bonde la Ufa, wenzetu wa Nakuru wanajua habari ya floridi: ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno ya watoto, na kuchemsha hakuiondoi. Hiyo hupimwa kabla ya kununua pampu.

7. Vyoo vimesahauliwa ndani ya wizara yenye jina lao

Kijiji kikitangazwa kwamba hakuna anayejisaidia vichakani, kibao husimikwa. Miaka miwili mbele kibao kimesimama, vyoo vimelala. Sakafu za miti zililiwa na mchwa, na kuta za mashimo ziliporomoka kwenye udongo mweusi. Hakuna aliyerudi kuhesabu.

Shimo hujaa kwa hesabu. Chukua lita 40 hadi 60 kwa mtu kwa mwaka. Familia ya watu 6, shimo la mita 1 kwa 1 lenye kina cha kutumika cha mita 2.5, kwa lita 60, ni karibu miaka 7. Shule inayotumia shimo moja kwa milango yote haina hesabu hiyo, na kwa kuwa mashimo hayakujengewa kuta, hayawezi kufyonzwa bila kubomoka. Mahali penye mafuriko, kama ukingoni mwa Nyando, choo kiinuliwe na shimo lijengewe, chini yake ibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na kiwe mita 30 kutoka kisima. Mmeleta kisima na choo kwa zabuni mbili tofauti, wakandarasi wawili tofauti, na tumeona vikikutana kwa mita 12.

Majibu tunayoyatarajia

Utaambiwa na maafisa wako kwamba jamii haina moyo wa umiliki. Mheshimiwa, barabara ikiharibika hakuna anayewaambia wanakijiji wanunue greda. Kijiji kinaweza kulipia mpira, bushi na mshahara wa mhudumu, na hilo tunalikubali. Hakiwezi kununua pampu ya nusu milioni kwa wiki moja ya kiangazi.

Utaambiwa mradi fulani ni wa mfadhili. Jedwali la Nne la Katiba limeweka huduma za maji na usafi mikononi mwa kaunti, na Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya maji safi bila kuuliza nani alichimba.

Utaambiwa pesa hazitoshi. Mkipanga kuchimba visima 10, chimbeni 9. Gharama ya kile cha kumi ni mamilioni; mfuko wa spea za mwaka za pampu ya mkono ni maelfu machache. Na si jambo ambalo halijajaribiwa nchini. Kwale na Kitui, kampuni ya matengenezo ya FundiFix hulipwa ili visima vifanye kazi, na vikiharibika hutengenezwa kwa wastani wa chini ya siku 3. Kisumu mjini, mitaa kama Nyalenda hununua maji kwa jumla kupitia mita kuu, na waendeshaji wa mtaani huyasambaza kwa mkataba. Huo ndio mfano wa kuupeleka mashambani.

Tunachoomba

Kwanza, orodha ya kila kisima, chemchemi na kioski, ikionyesha mahali, kina, aina ya pampu, nani aliyejenga, na kama kinafanya kazi leo. Ibandikwe kwenye ofisi za wadi na kwa machifu, na isasishwe kila robo mwaka. Pamoja nayo, nakala ya ripoti ya kupima kila kisima ikabidhiwe kamati yake.

Pili, mkataba wa kifungu cha 94 kwa kila kamati, ukitaja kwa jina la kifaa nani hulipia nini.

Tatu, fungu la matengenezo katika bajeti ijayo, lisiloweza kuhamishwa kwenda kuchimba, na mafundi walipwe kwa siku ambazo maji yanatoka. Fundi anayelipwa kwa kila uharibifu hana sababu ya kubadilisha bushi mapema.

Nne, stoo moja ya spea katika kila kaunti ndogo, yenye mipira, bushi, oringi, fito na valvu, kwa bei iliyobandikwa mlangoni.

Tano, mkandarasi asilipwe sehemu ya mwisho hadi mwaka mmoja wa maji upite, mita kuu iwepo, na mtaro ufukuliwe sehemu tatu mbele ya kamati kuthibitisha bomba.

Sita, vyoo vya shule na vya umma vijengwe kwa shimo lenye kuta, katika mpango mmoja na kisima kilicho karibu.

Ombi la kwanza ni habari iliyo tayari mikononi mwa ofisi ya umma, na chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ofisi yako ina siku 21 za kujibu. Tunazihesabu kuanzia tarehe ya muhuri wa nakala iliyoletwa leo. Kwa mengine matano tunaomba kikao kabla makadirio ya bajeti hayajafika bunge la kaunti. Tutakuja na vitabu vya mita, na pampu moja iliyofunguliwa mezani.

Wako kwa heshima,

Mafundi wa pampu, waweka hazina wa kamati za maji na wahudumu wa afya ya jamii

Nakala: Spika wa Bunge la Kaunti, Kamati ya Maji ya Bunge la Kaunti, wawakilishi wadi wote, machifu na manaibu wao.